Chui Aliyerudi Bila Kijani Chake

LUBUMBASHI. Februari 2026 bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitimiza miaka 20. Samawati yake, mshazari mwekundu wenye kingo za njano na nyota moja pembeni vimekuwa pia vazi la timu ya taifa, hata kijana wa miaka 20 na ushei anaweza kudhani kwamba Leopards hawajawahi kuvaa kitu kingine. Novemba 2025, mjini Rabat, mkwaju wa penalti wa Chancel Mbemba uliwatoa Nigeria na kuifikisha Kongo kwenye mchujo wa Kombe la Dunia wa Machi 2026, nchini Mexico. Tangu siku ile habari za Kombe la Dunia la 1974 zimerudi vinywani mwa watu, na pamoja nazo imerudi picha ya jezi ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Jezi ile iliondolewa na watu walioamini kwamba rangi za timu ni mali ya ikulu, na kuiondoa kulikuwa kosa. Mwenye jezi ni yule aliyeitolea jasho, na yule aliyekaa jukwaani akiililia. Ushahidi wa jambo hili uko Lubumbashi kuliko mahali pengine popote nchini, kwa sababu mji huu una klabu zilizopita katika tawala zilezile, na una wachezaji walioivaa jezi yenyewe.

Tuchukue TP Mazembe kwanza. Kwa simulizi ya klabu yenyewe, ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface katika mji ulioitwa Élisabethville. Wakaiita Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Miaka michache baadaye ikawa Saint-Paul. Wamisionari walipoachia usukani ikachukua jina la mfadhili wake, Englebert, kampuni ya Kibelgiji ya matairi. Mwaka 1966, mwaka ambao Élisabethville yenyewe iliitwa Lubumbashi, timu ilibeba mataji bila kufungwa, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Ikawa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. Siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, ya kufuta majina ya kigeni, ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 70, jina la matairi likatoka na Mazembe likaingia. Kwa miaka isiyofika 40 timu ilibatizwa na kanisa, na biashara, na siasa. Leo shabiki wa kawaida hajui Englebert aliuza nini, wala hamjui Mtakatifu Joji wa maskauti, lakini ukimwonyesha nyeusi na nyeupe anajua papo hapo ni nani anayeingia uwanjani Kamalondo. Kwa Kifaransa wanaitwa Corbeaux, Kunguru, na aliyewahi kumwona kunguru wa Katanga, mweusi tii mwenye fulana nyeupe iliyomzunguka kifua na shingo, haulizi jina hilo limetoka wapi. Klabu ikapata jina kutoka kwa ndege huyo, jina ambalo halikuhitaji saini ya waziri.

Upande wa pili wa mji, Saint-Éloi Lupopo nayo ni ya 1939, na rangi zake ni buluu na njano. Hawa ni Cheminots, watu wa reli, na mtakatifu wao ndiye msimamizi wa wahunzi na mafundi wa chuma, jambo linaloeleweka katika mji ambao garimoshi liliufikia mwaka 1910 na ambao shaba yake yote ilisafirishwa kwa reli. Reli imebadilisha majina na wakubwa, na injini nyingi zimelala. Siku ya mechi ya watani hawa wawili, hata hivyo, mji hugawanyika kwa rangi mbili mbili kama ulivyogawanyika enzi za wazee.

Timu ya taifa haikupata bahati hiyo, kwa sababu mwenye kuivisha alikuwa serikali. Mwaka 1968 Kongo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, bao la Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert ya hapa Lubumbashi. Wakati huo waliitwa Lions, Simba. Baadaye Mobutu akataka chui, mnyama aliyekuwa kwenye kofia yake. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwezi uliofuata ikapewa bendera mpya: kijani kitupu, katikati duara la njano, ndani yake mkono ulioshika mwenge. Mwenge huo ulikuwa wa chama, MPR. Kwa hiyo timu ilipovishwa kijani na njano ilivishwa, kwa hakika, sare ya chama kimoja cha mtu mmoja. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa ndilo linalowapa nguvu wanaoipinga jezi ile hadi leo.

Sasa tazama yaliyotokea ndani ya sare hiyo. Machi 1974, nchini Misri, Zaire ilitwaa ubingwa wa Afrika baada ya fainali mbili dhidi ya Zambia, ya kwanza 2-2, ya pili 2-0, na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano hayo, idadi ambayo hakuna aliyeifikia tena katika fainali za mwaka mmoja. Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Jezi yao haikufanana na ya mtu. Mataifa mengine yalibandika nembo ndogo upande wa moyo. Zaire iliweka kichwa cha chui ndani ya duara kubwa, katikati kabisa ya kifua, ukubwa wa sahani, kionekane hata na aliyekaa safu ya juu. Ndani ya jezi hizo walikuwamo wana wa Mazembe: kipa Kazadi Mwamba, beki Bwanga Tshimen aliyekuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa 1973, na Mwepu Ilunga. Walifungwa na Scotland 2-0, na hilo halikuwa aibu. Kisha wakaja Yugoslavia.

Mechi hiyo ya Gelsenkirchen, Juni 18, huelezwa kwa tarakimu moja tu, 9-0, kana kwamba hakuna kingine cha kusimulia. Wachezaji walikuwa wamegundua kwamba fedha walizoahidiwa hazipo. Baada ya bao la tatu kocha Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, alimtoa Kazadi na kumwingiza kipa mwingine, na bao la nne likaingia papo hapo. Katika vurugu za kulalamikia bao hilo, Mwepu alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, akageuka na kumtoa nje Ndaye Mulamba. Mwenye kosa alivaa namba 2. Aliyeadhibiwa alivaa namba 13. Ndaye, mfungaji bora wa Afrika, akatoka uwanjani kwa kosa ambalo si lake, na maelezo yake hayakusikilizwa. Katika historia yote ya jezi ile hakuna dakika inayosema mengi kama hii. Mwamuzi aliiona rangi na duara la chui, hakumwona mtu. Ndivyo dola ilivyowaona pia: chui wa kuonyeshwa duniani, huku jina, namba na mfuko wa anayembeba chui huyo vikiwa si hoja.

Siku nne baadaye, dhidi ya Brazil, Mwepu alirudi katika picha ambayo ulimwengu umeicheka kwa nusu karne. Brazil wamepata mpira wa adhabu, wamejipanga katika njano yao. Filimbi inalia, na kutoka kwenye ukuta wa Zaire anachomoka mtu wa kijani, anaubutua mpira mbali kabla mpigaji hajaugusa. Watangazaji walisema Mwafrika huyu hajui sheria. Marehemu Mwepu, aliyefariki 2015, alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria alizijua vizuri, na kwamba alifanya vile makusudi: hakuona sababu ya kuumia wakati watakaokula faida wamekaa jukwaani. Alieleza pia vitisho walivyopewa baada ya yale mabao tisa, kwamba wakifungwa zaidi ya matatu wasifikirie kurudi nyumbani. Matokeo yalikuwa 3-0. Mtu aliyebutua mpira ule alikuwa akiikataa dola hiyohiyo iliyomvisha. Akaikataa akiwa ndani ya jezi yake, mbele ya kamera za dunia nzima. Tangu dakika hiyo sioni vipi mtu anaweza kusema kijani kile kilikuwa cha Mobutu peke yake.

Mei 1997 Mobutu alipoanguka, kila alichokigusa kilisafishwa. Zaire ikawa Kongo tena, mkoa wa Shaba ukawa Katanga tena, bendera ya mwenge ikashushwa, kijani kikaondoka na chui akafukuzwa. Timu ikaitwa Simbas. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo lina uzito wa pekee: lilimrudisha mnyama wa 1968, safari hii kwa lugha ya mashariki badala ya Kifaransa, na lilibeba kumbukumbu ya waasi wa Simba wa 1964, ambao Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wao. Simbas walishika nafasi ya tatu Burkina Faso mwaka 1998. Hata hivyo jina halikushika mioyoni, na 2006, pamoja na bendera ya sasa, chui alirudi. Akarudi kwenye timu na kwenye nembo ya taifa, kichwa chake katikati ya pembe ya ndovu na mkuki. Kijani hakikurudi. Miaka iliyofuata rangi zimekuwa za bendera, na mitindo imepishana kadiri wafadhili wa vifaa walivyopishana.

Wapo watakaosema kwamba jezi ya udikteta haistahili kuheshimiwa. Hoja hii ina uzito, na familia zilizoumia zina haki ya kutopenda kuiona. Lakini chui naye alikuwa wa udikteta, na bado alirejeshwa, kwa sababu watu walijua kwamba ngozi yake ilivaliwa na machifu wa nchi hii muda mrefu kabla Mobutu hajazaliwa. Kama mnyama aliweza kutenganishwa na kofia ya rais, rangi nayo inaweza kutenganishwa na mwenge wa chama. Wengine husema timu ya taifa lazima ivae bendera. Brazil na Argentina huvaa za kwao, ni kweli, lakini Italia huvaa buluu na Uholanzi huvaa chungwa, rangi zisizokuwamo katika bendera zao, na hakuna anayetilia shaka utaifa wao. Na wengine watasema jezi mpya kila msimu huleta fedha. Huleta pale ambapo shabiki ananunua kwa mwenye timu. Huku kwetu nyingi huuzwa za kuiga, na senti haifiki kwa wachezaji.

Duniani kuna majaribio ya kutosha ya kuamua rangi bila kuwauliza wenyewe. Cardiff City ya Wales ilivuliwa buluu mwaka 2012 na mmiliki wake, ikavishwa nyekundu. Ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa na nyekundu hiyo, na bado mashabiki hawakunyamaza. Januari 2015 buluu ikarudi. Katika hoki ya barafuni, Vancouver Canucks ya Kanada iliacha buluu na kijani mwaka 1978, ikavaa nyeusi, chungwa na njano yenye herufi V kubwa kifuani, na ilifika fainali ikiwa nazo mwaka 1982. Mwaka 2007 ikarudi kwenye buluu na kijani. Kote kuwili ushindi haukutosha kuhalalisha rangi ya kuletewa. Na jirani zetu wa Dar es Salaam, waliobadili jina la Sunderland likawa Simba mwaka 1971, katika upepo uleule wa kufuta majina ya kigeni, waliacha nyekundu na nyeupe kama zilivyokuwa. Walielewa kipi ni cha kubadilishwa na kipi si chao kukigusa.

Sitaki mtu aishushe samawati ya sasa. Imevaliwa kwa miaka 20, nayo ina jasho lake. Ninachoomba ni vitu viwili vyenye gharama ndogo. Shirikisho la soka, FECOFA, lifanye kijani cha 1974 kiwe jezi ya pili au ya tatu ya Leopards, na liwaulize mashabiki kabla ya kusaini mkataba mwingine wa vifaa. Na Jumba la Makumbusho la Taifa lililopo hapa Lubumbashi litenge sanduku la kioo kwa jezi ile ya duara la chui, chini yake yaandikwe majina ya Kazadi Mwamba, Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga, pamoja na namba zao za mgongoni.