Daftari la Akina Mama wa Isecheno

Tangu 1979, pale Isecheno katika msitu wa Kakamega, watafiti wamekuwa wakiandika maisha ya kima. Aliyeanza kazi hiyo ni Marina Cords, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kima wanajulikana mmoja mmoja. Inaandikwa nani kamzaa nani, nani hukaa na nani wakichambuana manyoya. Na mambo ya kima ni ya akina mama hasa: dume likikomaa linahama, majike yanabaki katika kundi walimozaliwa, na kundi jirani likivuka mpaka ni wao wanaotoka kupigana.

Kwa hivyo ukitaka kujua nyanya wa kima fulani wa Isecheno, kuna mtu wa kuuliza. Ukitaka kujua habari za kukhu wangu (ndivyo sisi Waisukha tunavyomwita nyanya), uniulize mimi na shangazi. Basi.

Sina ugomvi na watafiti, wala na kima. Wao wameandika walichokuja kuandika. Ninachojiuliza ni mbona sisi wenyewe hatukuandika.

Historia ya pale kwetu ukiisoma ina tarehe nyingi. 1931, dhahabu ya Kakamega, na wazungu wakamiminika na sululu zao. 1933, msitu ukawekwa chini ya sheria. 1967, sehemu ya Isecheno ikatengwa iwe hifadhi ya asili. 1986, mpango wa Nyayo Tea Zones, chai ikapandwa kandokando ya msitu. Sawa. Lakini kila tarehe hapo iliingia jikoni kwa mtu. Wanaume walienda migodini, relini, Kericho kwenye chai, Nairobi. Mwanamke akabaki na shamba, watoto, na wazee wa mume. Na kuni, ambazo mama yake kukhu aliokota tu, zikawa kitu cha kulipia kibali na kuonyesha risiti.

Kanisa nalo lina tarehe zake. Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi 1902, na 1946 kanisa lao la Afrika Mashariki likapewa mamlaka yake. Majina utakayoyakuta kwanza ni ya wamishonari, kisha ya wachungaji. Mwanahistoria Esther Mombo ni mmoja wa waliochimba upande wa pili: ameandika kuhusu Haramisi na Jumaa, mikutano ya wanawake wa Marafiki iliyoitwa kwa majina ya siku zake. Haramisi ni Alhamisi tu, kwa ulimi wa kwetu.

Kukhu hakukosa Haramisi. Kutoka nje ungedhani ni maombi na nyimbo, na kweli zilikuwepo. Lakini baada ya amina ya mwisho ndipo kazi ilianza. Nani amejifungua? Nani hajaonekana kisimani siku mbili? Kwa nani kuna matanga? Wanagawana: wewe maji, wewe unga, wewe utalala na mgonjwa. Siku hizi tunaiita kazi ya kujitolea na tunaiweka kwenye CV. Kukhu hakuwa na jina lake. Alisema tu, "Naenda kuona watu."

Tafadhali usimfanye malaika. Alikuwa mkali, na kinyongo alijua kukiweka. Shangazi, aliyemlea pamoja na wadogo zake kumi na moja jioni kila mama yao alipoitwa, haimbi sifa hata kidogo. "Mama alikuwa wa kila mtu," aliniambia. "Sisi tulikula kilichobaki." Kwenye mazishi hakuna aliyesema hivyo, na nadhani ingefaa mtu aseme. Ule wema ulikuwa na bei, na waliolipa ni mabinti.

Tulipofungua sanduku lake tulikuta daftari la shule, kurasa zimekunjika pembeni. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina wa Haramisi. Mistari 31 katika orodha ya kwanza. Shilingi 5. Gorogoro moja ya mahindi. Kuku. Mstari wa 7: kuni, mzigo mmoja. Nilikaa hapo kitambo. Mzigo wa kulipia kibali, ukabebwa kichwani kutoka msituni, halafu ukapelekwa kwenye moto wa mwenzako.

Tatizo ni majina. Wote 31 wameandikwa kwa watoto wao, mama fulani, mama fulani, wawili kwa waume zao. Hata kukhu, ambaye mwandiko ni wake, amejiandika kwa jina la baba yangu. Ndivyo watu walivyoheshimiana, najua. Ila watoto wenyewe wametawanyika, wengine wameshakufa, na mnyororo unakatika hapo.

Sasa mimi na shangazi tunapitia orodha kwa simu, akipata nafasi, mimi nikiwa Umoja na yeye nyumbani Shinyalu. Yeye anauliza wazee sokoni, mimi naandika: jina alilopewa msichana, ukoo aliozaliwa, aliolewa wapi. Tumefika 19. Wa mstari wa 7, shangazi anakumbuka nyumba yake, mti wa mwembe mlangoni, na kwamba alikuwa akianzisha nyimbo kwa sauti ya juu mno hadi wengine wanashindwa kufuata. Jina bado. Kuna mzee mmoja huko Ileho anaweza kujua, na Jumamosi shangazi atapanda boda boda akamuulize.