Maji ya Korona: Sura Iliyosahauliwa ya Historia ya Mkonge

Historia ya mkonge nchini mwetu huanza kusimuliwa kwa miche 62 iliyosalia hai, ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliileta Pangani mwaka 1893. Kisha hutajwa manamba waliotoka mbali kuja kukata majani, tani 230,000 hivi zilizovunwa mwaka 1964, na mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967. Yote hayo ni kweli. Lakini yuko mtenda kazi mmoja ambaye hatumtaji, naye ni maji.

Katika jani bichi la mkonge, singa ni kama sehemu 4 tu kwa 100; sehemu kubwa iliyobaki ni nyama ya jani na utomvu. Korona, yaani mtambo wa kuponda na kukwangua majani, huhitaji maji mengi ili kuzitenga singa na kuziosha. Kwa miaka mingi maji hayo, machachu na mazito kwa makapi, yaliachwa yajiendee mitoni. Humo vijidudu viozeshavyo makapi huimaliza oksijeni, samaki hufa, na akaaye chini ya mto huteka maji yanayonuka. Singa zilisafirishwa ng'ambo. Uchafu ukabaki kuwa urithi wa jirani.

Sheria ya maji ya mwaka 1974, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1981, iliweka viwango vya maji machafu yanayoruhusiwa kutolewa. Hata hivyo, sheria hukataza; haifundishi kutumia. Fundisho lilipatikana Hale, wilayani Korogwe, ambako kufikia mwaka 2008 palikuwa na mtambo wa majaribio wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi. Ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vijidudu huozesha makapi na kutoa gesi iwezayo kuendesha jenereta ya umeme; masalio yake hufaa kuwa mbolea. Nayo maji yakituama mabwawani na kusafika yaweza kurudishwa koronani kusukuma makapi, na maji safi yakatengwa kwa ajili ya kuoshea singa.

Wazee wetu walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Hatuwapingi, twasema tu kwamba kiwanda chenye busara huyazuia kabla hayajamwagika. Basi tuandikapo historia ya kazi zetu, tusihesabu tani peke yake. Tuulize pia maji yaliingia yakiwaje, na yalitoka yakiwaje. Kwani akaaye chini ya mto naye ni mwenzetu.