Haki ya Mwana wa Njia



Ukitoka Dar es Salaam kwa njia kuu iendayo Morogoro, ukapita Kibaha na Mlandizi na kulivuka daraja la Ruvu, utafika Vigwaza. Leo watu wengi wanaijua Vigwaza kwa mizani yake, pale magari ya mizigo yanapopimwa uzito kabla ya kuendelea na safari ya bara. Lakini bonde hili la Ruvu limepitiwa na wasafiri zamani sana, kabla ya lami na kabla ya reli. Wamepita Wanyamwezi wenye pembe mabegani, wamepita waungwana wa mwambao, wamepita Wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili, na wamepita pia watu waliofungwa minyororo. Kila mmoja wao alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake, na wengi wao walinyeshewa na mvua ya masika wasiwe na paa la kujikinga.

Katika makala haya nataka tuulizane swali moja: Je, mgeni ana haki gani juu yetu? Nasema haki, sikusema hisani. Hisani mtu huitoa apendapo, na asipopenda hakuna amdaiye. Haki ni deni.

Na dini yetu imeifanya kuwa deni. Katika Sura At-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa namna nane wapasao kupewa zaka, na wa mwisho katika hao ni mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa, hata kama kwao ni tajiri. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ameufunganisha ukarimu kwa mgeni na imani yenyewe. Akafundisha kuwa mgeni hukirimiwa siku tatu, na ya kwanza kwa wema zaidi. Izidiyo hapo ni sadaka. Tena akamkataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Basi kila upande umewekewa mpaka wake.

KIJANA ALIYETOKA PEKE YAKE

Mwaka 1325 kijana mmoja wa miaka 21 aliondoka kwao Tangier, katika nchi ya Moroko, akikusudia kwenda kuhiji. Alitoka peke yake, hana rafiki wa kumliwaza njiani wala msafara wa kufuatana nao. Kijana huyo ndiye Ibn Battuta, ambaye alizunguka dunia karibu miaka 30. Alichokitegemea zaidi kilikuwa ilimu yake ya fikihi, na mikono ya watu wasiomjua.

Mnamo mwaka 1331 hivi alishuka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na mambo aliyoyaona aliyasimulia yakaandikwa. Alipofika Mogadishu alikuta desturi ya ajabu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja na kusema kuwa huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara huyo hufikia nyumbani kwa kijana yule, na yule mwenyeji humsimamia katika kuuza na kununua. Akidhulumiwa bei pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara ile kwao haisihi. Waona, ndugu msomaji, kuwa ugeni hapo ulikuwa ni mkataba wa kumlinda mtu asiyejua bei za mji.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, kwa hiyo alipelekwa kwa kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa ilimu. Siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli, nyama, kuku, samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Ilipofika Ijumaa akaletewa nguo, akaenda msikitini pamoja na wenyeji wake. Siku tatu hizo hazikuja kwa bahati. Wenyeji waliijua sunna na wakaihesabu.

Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Alikuta kisiwa ambacho watu wake hawalimi nafaka. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nchi nyingine ya mwambao. Akasifu dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara. Kila mlango wa msikiti una kisima kifupi na kata ya mti yenye mpini, na kando yake jamvi, ili aingiaye aoshe miguu na kuifuta. Watu walikwenda miguu mitupu, na mwenye kutoka safari akayakuta maji yake mlangoni bila ya kuyaomba.

KISIWA CHA MVUA

Kutoka Mombasa alisafiri mpaka Kilwa, kisiwa kilichokuwa wakati huo mji mkuu wa biashara katika pwani hii. Ibn Battuta anautaja kuwa mji mzuri, nyumba zake zimeezekwa kwa majani, na mvua zake ni nyingi.

Neno hili la mvua tusilipite haraka. Vyombo vya zamani vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mgeni aliyefika mwanzo wa mwaka hakuweza kuondoka apendapo. Ilimlazimu kungoja pepo zigeuke, na zigeukapo ndipo masika nayo huanguka. Mtu yuko kisiwani, bahari mbele na nyuma, mvua juu yake, na hana ndugu. Hana budi kulala chini ya paa la mtu mwingine. Na bara mambo yalikuwa hayo hayo. Masika yakishika, Ruvu hujaa na kuenea bondeni, na kabla ya madaraja misafara iliyotoka Bagamoyo ilivushwa kwa mitumbwi. Yamkini pepo na mvua ndizo zilizowafundisha watu wetu kuwa mgeni si jambo la saa moja, na kwamba mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho.

Sultani wa Kilwa wakati huo alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Alikaa na mafakiri na kula nao sahani moja. Ijumaa moja, alipotoka kusali akirejea kwake, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani, akamwomba nguo zile zile alizozivaa, tena sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri azichukue zile. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwisha kichwani, akenda zake. Watu wakamshukuru sana mfalme wao. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa watumwa kumi, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hili, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe.

Sultani huyo alipokufa akatawala nduguye Daud. Huyu alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia humwambia kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakapata kidogo tu, mpaka wakakoma kufika mlangoni pake.

WAGENI ISHIRINI WASIOULIZWA JINA

Ndugu msomaji, hadithi hii ya Kilwa husimuliwa mara nyingi, na kila mara tunamsifu aliyetoa. Lakini dini inatuamuru tuwe waadilifu hata juu ya nafsi zetu, kwa hiyo hatuna budi kuisoma tena. Fakiri alipewa nguo, pembe, na watu ishirini. Watu ishirini hao ni akina nani? Ibn Battuta mwenyewe ataja kuwa Sultani yule alikuwa akizivamia nchi za jirani na kupata ngawira. Basi yamkini wao pia walikuwa wana wa njia, waliong'olewa makwao na kuletwa kisiwani penye mvua, mahali wasipomjua mtu. Majina yao hayakuandikwa. Mgeni mmoja alikirimiwa kwa wageni ishirini, na watu wakashukuru.

Hilo ndilo doa la ukarimu wetu wa kale, na halikuishia Kilwa. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, akatembea miezi. Mpagazi huyo alikuwa na kinga zake. Baina ya Wanyamwezi na Wazaramo ulikuwapo utani, na wazee husema kuwa uliota katika njia hizi za misafara. Utani si mzaha mtupu. Mtu akifa ugenini, mtani wake ndiye humshughulikia maziko. Akiwa na njaa, aweza kuingia kwa mtani akachukua chakula bila ya kuitwa mwizi. Hivyo mtu wa mbali akafanywa kuwa mtu wa nyumbani.

Lakini katika njia hiyo hiyo walipita mateka, na kwao hakuna aliyesema karibu. Biashara ya kuwasafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Tuseme haki pia kwamba mapadre wa Kikatoliki waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa baadhi ya watumwa na kuwapa mahali pa kukaa. Jambo hili lilitupasa sisi kulitangulia, kwani Kurani katika Sura Al-Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Mateka ametajwa kwa jina lake. Hatukuwa na udhuru wa kutojua.

MTUMWA ALIYEKUWA MWENYEJI

Hata hivyo Mwenyezi Mungu alituletea funzo katika mji ule ule wa Bagamoyo. Mtoto mmoja wa Manyema, mashariki ya Kongo, aliletwa huko hali ya kuwa mtumwa katika nyumba ya Waarabu. Kutoka Manyema mpaka mwambao ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Alikuja hana ukoo, hana mali, na jina la nyumbani kwao limeachwa nyuma. Mtoto huyo alisoma, akazama katika ilimu, akawa mwanachuoni, kisha akawa khalifa wa tarika ya Qadiriya. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya.

Wanafunzi walimjia Bagamoyo kutoka pande nyingi. Tarika yake ikaenea, na maulidi ya Bagamoyo yakawa mkusanyiko wa watu wa kabila na nchi mbalimbali, mpaka alipofariki mwaka 1931 na kumwachia kazi mwanawe, Sheikh Muhammad. Angalia mambo yalivyogeuka: mgeni ambaye hakupokewa kama mgeni akawa mwenyeji wa maelfu. Watoto wa waungwana walikaa mbele ya mtu aliyeletwa kwa nguvu, wakamsikiliza. Tungejuaje ni wangapi wengine mfano wake waliofia njiani, na ilimu iliyokuwamo vifuani mwao ikazikwa nao?

Basi kipimo cha ukarimu ni kipi? Ibn Battuta alikuwa mtu wa ilimu. Kumkirimu kulikuwa fahari. Mfanyabiashara alikuwa na bidhaa; kumkirimu kulikuwa faida. Fakiri wa Yemen aliomba mbele ya watu. Kumpa kulileta sifa. Mateka alikuwa hana ilimu iliyojulikana, hana bidhaa, wala hana mdomo wa kuomba. Yeye ndiye kipimo. Ukarimu ujuao kuchagua uso ni biashara iliyovaa kanzu.

SISI NA NJIA YETU

Leo njia ya Vigwaza haina wapagazi. Ina mabasi, na malori yaendayo Zambia, Rwanda, Burundi na huko huko Kongo. Tunazo nyumba za wageni, ila siku hizi jina hilo lina maana ya mahali pa kulipia kitanda. Si vibaya, mwenye fedha hana sababu ya kumwelemea mtu. Lakini yupo aliyeibiwa nauli. Yupo utingo aliyeshikwa na homa, akaachwa kando ya barabara na mvua inanyesha. Yupo mgeni asiyejua Kiswahili vizuri, ambaye huuziwa kila kitu kwa bei maradufu kwa kuwa hana kijana wa Mogadishu wa kumsimamia. Hao ndio wana wa njia wa zama zetu.

Tujiulize: misikiti yetu iliyo kando ya barabara, ni mingapi yenye fungu dogo la msafiri aliyekwama? Zaka inapogawiwa, hukumbukwa lile fungu la nane, au huishia kwa tunaowajua? Maji ya wadhu yapo mlangoni, lakini je, mtu akiomba kujikinga na mvua baada ya Isha, hufunguliwa?

Na mgeni naye ajue mpaka wake. Wazee wamesema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani kuwa methali hii yamfukuza mgeni. Mimi naiona vingine. Jembe ni la kulimia, na halimi ila mwenye mahali pa kulima. Anayepewa jembe amepewa ardhi pia, amekubaliwa kuwa mmoja wa wenyeji, ale jasho lake kwa heshima. Siku mbili za kwanza ni haki ya mwili wake. Ya tatu ni haki ya utu wake.

Mlango wa Daud wa Kilwa ulifungwa, na wageni wakakoma. Tusidhani kuwa walioadhibiwa ni wageni. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mji usiopata mgeni hukosa khabari, hukosa ilimu, na hukosa baraka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitimiza haki ya mwana wa njia, hasa yule asiyeweza kutulipa wala kutusifu, na siku ya safari yetu ya mwisho, tutakapokuwa wageni tusio na mzigo wala mwenzi, atupokee kwa rehema yake. Amin.