Alama ya Mafua ya Kwanza

Alama ya mafua ya kwanza ni athari inayobaki katika kinga ya mtu tangu alipoambukizwa virusi vya influenza kwa mara ya kwanza, kwa kawaida utotoni, na ambayo huongoza namna mwili wake utakavyopambana na virusi vya jamii hiyo hadi uzeeni.

Aliyelieleza jambo hili ni Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, yuleyule aliyesimamia jaribio kubwa la chanjo ya polio mwaka 1954. Alipopima damu ya watu wa rika mbalimbali, aliona kwamba kila rika lina kingamwili nyingi zaidi dhidi ya virusi vilivyoenea enzi za utoto wake, ingawa wahusika walishaugua mafua mengine baadaye. Mwaka 1960 aliliita “dhambi ya asili ya kiantijeni”, kwa kuazima lugha ya makanisani. Jina lilishika, ila linapotosha: mara nyingi alama hiyo ni ngao.

Kiini chake ni seli B za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazokumbuka virusi na kutoa kingamwili. Virusi vya influenza hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini sehemu zake fulani hubaki zilezile. Vinaporudi, seli kongwe zinazozijua sehemu hizo huamka kabla ya seli changa ambazo hazijaona vita, nazo humwaga kingamwili za zamani zilizonolewa kidogo tu. Zikivishika virusi sawasawa, mgonjwa hupata nafuu upesi. Zikivishika kwa ulegevu, virusi hupata mwanya. Hata chanjo huweza kuishia kuamsha kumbukumbu za kale zaidi ya kujenga mpya.

Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa una uzito. Aina ya influenza iitwayo H1N1 ilitawala tangu 1918 hadi 1957, ikafuata H2N2, kisha H3N2 mwaka 1968. H1N1 ikarejea 1977. Katika homa za ndege, H5N1 ni ndugu wa H1N1 na H2N2, na H7N9 ni ndugu wa H3N2. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa H5N1 iliwaumiza zaidi waliozaliwa baada ya 1968, na H7N9 waliozaliwa kabla yake. Janga la H1N1 la 2009 nalo lilipindua mazoea: wazee wengi, waliokutana utotoni na vizazi vya virusi vya 1918, walinusurika kuambukizwa, huku watoto na vijana wakilemewa.