Habari za Tangazo Kanisani, pamoja na Desturi za Wairaqw wa Mbulu

Neno tangazo lina asili yake katika kutangaa, maana yake kuenea hata kujulikana na watu. Basi kutangaza si kusoma karatasi mbele ya mkutano tu.

Kanisa lina kazi hii tangu kale. Huko Roma, kabla watu hawajakomunika katika Misa ya Papa, shemasi mkuu alitangaza mahali pa kukutania ibada ijayo, nao wakaitikia kwa kumshukuru Mungu. Lakini tangazo lenye uzito kupita yote ni lile la ndoa. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliliamuru ili ndoa za siri, na hasa za ndugu wa damu, zikomeshwe. Ule wa Trento, mwaka 1563, ukataka litolewe mara tatu, siku za sikukuu zinazofuatana. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilishika vivyo hivyo. Ile ya 1983 yawaachia maaskofu wa kila nchi kupanga namna yake. Serikali ya Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, yadai taarifa ya siku 21.

Mapadre Weupe walipofika Tlawi mwaka 1907, hawakuwakuta watu wasiojua sababu ya amri hiyo. Wairaqw wa ukoo mmoja hawaoani, na wenye kujua nani ni wa ukoo gani ni wazee, wala si daftari. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, katekista asomaye upesi majina mawili ya ubatizo, Paulo na Maria, hajatangaza neno. Akina Paulo ni wengi! Na ataje baba, ukoo na kijiji, tena kwa Kiiraqw pia, kwa maana lugha hiyo ni ya Wakushi, haina udugu na Kiswahili, na bibi kizee ajuaye kizuizi huenda ndiye asiyefahamu Kiswahili cha madhabahuni.

Tena kila aya, ndiyo nchi ya Wairaqw wa mahali pamoja, ilikuwa na kahamusmo wake, mzee aliye msemaji. Mkutano wa wazee hufungwa kwa slufay, sala ndefu ya baraka: mmoja husema, wengine huitikia pamoja. Shauri hutangulia, baraka hufuata, kisha watu huondoka. Misale ya 1970 nayo yaweka matangazo mafupi baada ya sala ya Komunyo, kabla ya baraka.

Neno mafupi lisipuuzwe. Orodha ya michango ya kila jumuiya, shilingi kwa shilingi, yafaa kubandikwa mlangoni. Ikisomwa yote, watu huanza kutoka, na tangazo la ndoa lililowekwa mwisho husikiwa na wanakwaya tu.