Hospisi Si Nyumba ya Kungojea Mauti



Kuna neno linalotutia hofu sana sisi tulioko huku Uingereza: hospisi. Daktari akilitaja tu, jamaa wanang'aka: "Eti wanataka kwenda kumtupa mama yetu!" Tunakataa, na mama anabaki na maumivu yake usiku kucha. Basi tuangalie kitu hiki kilianzaje.

Mwaka 1948 alifariki London mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland, David Tasma. Hakuwa na ndugu hapo. Aliyekuwa akija kukaa naye ni Cicely Saunders, muuguzi aliyegeukia kazi ya ustawi wa jamii. Tasma alimwachia pauni 500, akasema atakuwa dirisha katika nyumba yake. Saunders akarudi kusoma, akawa daktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's, kusini mwa London.

Mambo mawili aliyasisitiza. Kwanza, mofini itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, siyo kungoja mpaka mgonjwa apige kelele. Pili, maumivu si ya mwili tu. Mtu anaumwa pia na deni ambalo hajalilipa, ugomvi na mwanawe, na hofu ya kukutana na Mola wake. Hayo daktari peke yake hayawezi. Ndiyo ikawa timu: daktari, muuguzi, afisa ustawi, mtu wa dini, na watu wa kujitolea. Wanamwonyesha binti jinsi ya kumgeuza baba kitandani, wanampumzisha anayeuguza, na baada ya mazishi bado wanawajulia hali wafiwa. Na tangu mwaka 1969 timu ya St Christopher's ikawa inawafuata wagonjwa majumbani.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Daktari Anne Merriman alifanya kazi pale, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wengi wako vijijini. Kwa hiyo mofini ya unga ikachanganywa na maji, dawa ya kunywa, ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Muuguzi anafika mpaka kitandani kwa mgonjwa, nyumbani kwake.

Sasa hapo kutupwa kuko wapi? Kuuguza ni desturi yetu tangu zamani, na timu hizi haziwanyang'anyi watoto kazi hiyo, zinawashika mkono. Kwa hiyo kabla hatujasema "hatutaki", tuiulize timu kama itakuja nyumbani. Na tumwulize mama mwenyewe, maana maumivu ni yake, siyo yetu.