John Nettleton (rubani)

John Dering Nettleton (28 Juni 1917 – 13 Julai 1943) alikuwa rubani wa ndege za kudondosha mabomu wa Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alizaliwa Nongoma, Natal, nchini Afrika Kusini. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza kwa ushujaa mbele ya adui.

Maisha ya awali

Kabla ya urubani alikuwa mtu wa bahari: alipata mafunzo katika meli ya General Botha, kisha akafanya kazi kwenye meli za biashara. Alijiunga na jeshi la anga mwaka 1938. Baadaye alitumikia Kikosi Na. 44, kilichoitwa pia Rhodesia kwa heshima ya koloni la Rhodesia Kusini (leo Zimbabwe).

Shambulio la Augsburg

Tarehe 17 Aprili 1942 Nettleton aliongoza ndege 12 aina ya Lancaster, 6 za kikosi chake na 6 za Kikosi Na. 97, kwenda kushambulia kiwanda cha MAN mjini Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Kiwanda hicho kilitengeneza injini za dizeli za nyambizi, na nyambizi ndizo zilizokuwa zikizamisha meli zilizoipelekea Uingereza chakula na silaha. Lancaster ilikuwa ndege mpya wakati huo, na safari ilikuwa ya mchana kweupe. Ndege ziliruka chini sana, karibu kugusa miti, ili adui asizigundue mapema.

Hata hivyo, juu ya Ufaransa kundi la Nettleton lilikutana na ndege za kivita za Wajerumani. Lancaster 4 kati ya 6 ziliangushwa kabla ya kufika Ujerumani. Mbili zilizobaki zilisonga mbele na kudondosha mabomu yao, lakini moja iliwaka moto ikaanguka karibu na mji. Ya Nettleton peke yake ndiyo iliyorudi. Kundi la Kikosi Na. 97 lilipoteza ndege 2.

Kwa jumla zilipotea ndege 7 kati ya 12. Kiwanda kiliharibiwa kwa sehemu tu na mabomu kadhaa hayakulipuka. Magazeti ya Uingereza yalimsifu sana Nettleton, lakini hasara hiyo ilikuwa kubwa mno kwa kazi ya siku moja, na mashambulizi ya mbali ya mchana kwa Lancaster hayakuwa ya kawaida baada ya hapo.

Kifo

Nettleton alipandishwa cheo akawa kamanda wa kikosi chake. Usiku wa kuamkia 13 Julai 1943 alishiriki shambulio la Torino, Italia, na ndege yake haikurudi. Haikuwa safari ya kutajwa magazetini kama ile ya Augsburg. Miili yake na ya wenzake haikupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26, na mwanawe alizaliwa mwaka uliofuata.

Kumbukumbu

Kwa kuwa hana kaburi, jina lake limechongwa kwenye Mnara wa Runnymede, Uingereza, uliozinduliwa mwaka 1953 na wenye majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wasiojulikana walikolala. Wanaanga wa ndege za mabomu, ambao 55,573 kati yao walikufa, walisubiri mnara wao jijini London hadi 28 Juni 2012, kwa bahati siku ambayo Nettleton angetimiza miaka 95.